Sauti ya Saa Sita

Tuliachana wiki jana koti la ngozi likiwa hewani, msomaji wangu. Sasa limetua.

Lilitua puu! juu ya meza ya Profesa Edouard, katikati ya vipande vya chaki na chupa yake ya maji. Darasa zima la Mawasiliano ya Biashara likafyata ulimi. Hata wale wa dawati la nyuma, ambao huongea hata padri akiwa anabariki, walinyamaza.

Christella hakuhitaji kusogea karibu. Kola ya koti lile aliishona mwenyewe kwa uzi mweusi, kwa sababu uzi wa kahawia haukupatikana Bunia nzima tangu vita vifunge barabara. Lilikuwa koti la Bruce, mdogo wake wa pekee, dereva wa lori, aliyetoka kwenda Mahagi na ambaye hakuna aliyemsikia tena.

"Unajua hii kitu?" aliuliza Kamanda Adrien, yule mkuu wa wapiganaji aliyelirusha.

Alikuwa amekalia kiti cha profesa, miguu ameinyoosha, bastola imelala pajani. Askari wake wawili walikuwa wameziba mlango.

"Ni ya mudogo wangu."

"Muzuri. Basi tunasikilizana. Mudogo wako iko kwangu. Anakula, analala. Kama ataendelea kula na kulala, ile sasa iko mu mikono yako, mademoiselle."

Christella akashika ukingo wa dawati. Bruce yuko hai! Hilo ndilo lililomwingia kwanza, na akalishukuru, hata likitoka katika mdomo ule.

"Unataka nini kwangu, mon commandant?"

"Sauti yako."

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa ajili ya wale walionunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza. Katika Bunia ile ya vita, simu zilikuwa za wakubwa. Wafanyabiashara waliongea kwa phonie, ile redio ya betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya mti. Taasisi yetu ilikuwa na phonie moja, ofisini kwa profesa, iliyowekwa ili wanafunzi wajifunze kuongea na wateja wa mbali. Kila siku saa sita mchana Christella ndiye aliyeifungua. Alisoma salamu za familia zilizotawanyika, kisha akawaambia wenye malori walioko Fataki na kwingineko hali ya barabara. Akisema imefungwa, malori yalilala. Akisema iko wazi, injini ziliwaka. Wengi hawakumjua sura, lakini sauti yake waliiamini kuliko redio zote za wakubwa.

"Saa sita utaongea na Fataki," alisema Kamanda Adrien. "Utawaambia barabara iko wazi. Camions zote zitoke leo, zipite Iga Barrière, ziingie Bunia."

"Iko wazi kweli?"

"Mpaka Iga, iko wazi kabisa."

Askari wa mlangoni wakacheka. Christella akaelewa, na darasa zima likaelewa. Hayo malori yangeviziwa kizuizini Iga, hayangefika Bunia, na waliomo hawangefika popote.

Akamgeukia Profesa Edouard. Profesa alikuwa amesimama ukutani, suti imepigwa pasi, tai imenyooka, anatabasamu kama bwana harusi. Simpendi huyu mtu, na sitawaficha. Mwaka mzima alikuwa amewaandikia ubaoni maneno yaleyale: fupi, wazi, moja kwa moja. Kila mara Christella alipofungua phonie kwa kuuliza habari za mama, za watoto, za wagonjwa, profesa alimkata alama. "Salamu ni za nyumbani, mademoiselle! Biashara haina mama mkwe!" Darasa lilikuwa likicheka. Christella alikuwa akikatwa alama, na kesho yake anasalimu tena.

"Professeur," alisema Christella, "nani alimwambia kamanda juu ya sauti yangu?"

Profesa alirekebisha tai.

"Mwanafunzi mzuri ni sifa ya mwalimu wake."

"Ni weye?"

"Professeur ananifundisha kwangu nyumbani, kila dimanche," alisema Kamanda Adrien kwa fahari. "Mulifikiri ni ninyi tu muko na akili ya cours hii? Mimi iko na chapitres zote."

Mnasikia? Mtu aliyewafundisha watoto wa watu namna ya kumpokea mteja, Jumapili alikuwa akienda kumnoa mwenye bunduki! Christella alihisi mate yamejaa kinywani. Alitaka kuyatema pale pale, juu ya viatu vile vinavyong'aa.

Nadège akamvuta sketi kutoka kwenye dawati. Walikuwa marafiki hawa, wakigawana mkate na madaftari, mpaka mapigano yalipogawa mitaa yao. Tangu hapo walikaa dawati moja kama abiria wasiojuana.

"Fanya kile anasema," alinong'ona Nadège, meno yameumana. "Usituletee kifo humu sababu ya kujifanya mutakatifu."

"Kule Fataki iko watu, Nadège."

"Na humu iko nini? Mbuzi?"

Christella akajaribu njia ya mwisho. Akasimama wima, akakunja mikono mbele kama walivyofundishwa, akaishusha sauti.

"Mon commandant, naheshimu sana ombi yako, na nimefurahi ulinifikiria. Bahati mubaya, betri ya phonie leo iko zaifu. Lakini kesho asubuhi, kama tutapata ingine, nitakuwa…"

Kamanda akapiga makofi.

"Professeur! Hii si chapitre ya kukatala kwa heshima?"

"Ndiyo yenyewe, mon commandant. Sura ya nne."

"Unamushukuru mutu, unatoa sababu, unafungua mulango ingine. Nilisoma!" Tabasamu likakatika. Akanyanyua bastola pajani na kuibamiza juu ya koti la Bruce. "Sasa sikiliza yangu, haina chapitre. Saa sita ikipita na haujaongea, nitatuma mutu kwa mudogo wako. Tangulia. Twende."

Ofisi ya profesa ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Walipotoka, askari wawili nyuma yao, wanafunzi wote walikuwa wakitazama meza zao. Hakuna aliyenyanyua macho, na sitawalaumu, maana bunduki haikuwa imeelekezwa kwangu.

Profesa mwenyewe ndiye aliyefunga nyaya kwenye betri. Alipiga magoti na suti yake, akakwaruza kutu kwa funguo, akazungusha kitufe mpaka kelele za hewani zikajaa ofisini. Betri ilikuwa nzima. Kamanda akaitazama, akamtazama Christella, akatikisa kidole.

"Muongo."

Akavuta kiti, akakaa karibu naye mpaka harufu ya tumbaku ikamchoma macho. Mdomo wa bastola ukagusa mbavu.

"Sikia muzuri. Minawasikilizaka kila siku mu phonie. Munasalimiana mpaka betri inakufa! Maman iko? Mutoto alipona? Ngombe ilizala? Ni mu zile salamu munafichaka maneno yenu. Leo, hakuna. Hakuna maman, hakuna mutoto. Sawa vile professeur anafundisha. Fupi…"

"Wazi," akasema profesa.

"Moja kwa moja," akamalizia kamanda. "Ukitia salamu hata moja, mudogo wako amekufa."

Christella alichukua kipaza sauti. Ndipo jambo lilipompiga, akabaki nacho mkononi bila kukibonyeza.

Tangu aanze kufungua phonie, aliwahi kuongea bila salamu mara moja tu. Ilikuwa siku ya kumpa Mama Hortense wa Fataki habari kwamba mumewe ameuawa njiani. Kwetu mbeba habari ya kifo hasalimu. Atamuulizaje mtu kama amelala vizuri, na mdomoni amebeba kitakachomnyima usingizi? Siku ile, kabla hajataja jina la marehemu, wanawake wa Fataki walikuwa tayari wamekwisha kupiga yowe. Walijua kwa sababu hakusalimu.

Kamanda huyu hakujua. Amelala porini na bunduki miaka mingi, habari za vifo amekuwa akizileta kwa njia nyingine. Na sasa alikuwa anamwamuru, kwa mdomo wake mwenyewe, awaambie watu wa Fataki kwamba barabara ile ina kifo.

Angepaswa kufurahi. Hakufurahi, msomaji wangu. Akili yake ilikwenda kwa Bruce mara moja. Wakielewa kule Fataki, malori hayatatoka. Malori yasipotoka, kamanda atarudi na hasira yake, na hasira ile atamalizia kwa nani? Salamu moja tu, hata ya kuponyoka, ingewafanya waamini. Angeweza kuisema haraka, ajifanye ulimi umeteleza, aombe msamaha. Malori yangetoka, na Bruce pengine angerudishwa.

Na alitaka kufanya hivyo. Nasema wazi: alitaka kuwadanganya wale watu wote ili mdogo wake aishi. Bruce ndiye mwana wa kiume wa pekee wa mama yao. Christella alimbeba mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu, naye Bruce akamwita yaya, yaani dada mkubwa.

Lakini madereva wa Fataki nao alikuwa amewapikia. Walilala sebuleni kwake, malori yamejipanga nje ya ua, wanacheka na Bruce mpaka majirani wanalalamika. Aliwajua kwa sauti za kukohoa.

"Saa sita," alisema Kamanda Adrien, na bastola ikasukuma mbavu.

Christella akafumba macho. Nisamehe, mdogo wangu, alisema moyoni. Akabonyeza.

"Fataki, Fataki, hapa Bunia. Barabara ya Iga Barrière iko wazi. Camions zote zitoke leo. À vous."

Akaachia kitufe, zamu ya Fataki kujibu. Kelele za hewani zikarudi.

Aliinua macho, na moyo ukamlipuka. Profesa Edouard alikuwa anamkazia macho, paji limekunjamana. Mungu wangu! Mtu mmoja katika ofisi ile alijua kuliko wote kwamba Christella haachi salamu bila sababu, na mtu huyo ni yule aliyekuwa akimkata alama mwaka mzima. Profesa akafungua mdomo. Akanyoosha kidole.

"Mon commandant," alisema taratibu, "umesikia alivyoongea?"

"Nimesikia. Iko nini?"

"Mwaka mzima, mwaka mzima nimepigana na huyu binti! Kila siku salamu, kila siku maman na watoto." Akavuta pumzi, na uso wote ukafunguka. "Leo ndiyo mara ya kwanza amefuata cours yangu. Fupi, wazi, moja kwa moja! Bravo, mademoiselle. Bravo! Mwishowe umeelewa."

Alikuwa na machozi ya furaha, mjinga yule. Majivuno yamemwokoa Christella mahali ambapo akili ingemuua.

Kelele zikapungua. Sauti ya mzee ikaingia, nzito, ikitembea kwa tahadhari. Alikuwa Muzee Michel, mwenye phonie ya Fataki.

"Bunia, hapa Fataki. Nakusikia, binti yangu." Akamjaribu kwanza. "Maman yako alilala namna gani? À vous."

Bastola ikasukuma. Kamanda akatikisa kichwa.

"Hakuna muda ya salamu, Muzee," alisema Christella. "Barabara iko wazi. À vous."

Christella aliweza kumwona yule mzee ambaye hakuwahi kumwona, amekaa mbele ya kisanduku chake, anaelewa. Alitamani kulia.

"Bien reçu, Bunia," alisema Muzee Michel hatimaye, kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Nimeelewa muzuri sana. Nitazungumuza na madereva."

Ameelewa! Christella aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu darasani. Kamanda akacheka, akampiga profesa begani. Wote wawili waliona kazi imekwisha, na Christella naye aliona imekwisha, ila kwake ilikuwa imeishia kwenye kaburi la mdogo wake. Akaweka kipaza sauti mezani.

"Yaya!"

Sauti ilipasuka kutoka kwenye kisanduku, changa, inahema.

"Yaya Christella! Ni miye! Ni Bruce!"

Hakuna aliyesogea ofisini. Kicheko cha kamanda kilikatika katikati.

"Yaya, unanisikia? Camion ilinifia mu njia, mahali hakuna phonie hata moja, njo sababu nilikuwa kimya! Tumeingia Fataki sasa hivi. Ile siku ya kuenda walinivua koti pale Iga, lakini miye niko muzima! Ambia maman niko muzima! À vous!"

Hakuwa mikononi mwa kamanda. Hakuwahi kuwa! Walikuwa na koti tu, koti la wizi, na Christella alikuwa amemlilia mtu anayekula ndizi Fataki. Furaha ilimpanda ghafla mpaka akacheka kwa sauti mbele ya bastola. Hakumuua mdogo wake. Alikuwa ameokoa watu wote na Bruce yumo humohumo.

Akamtazama Kamanda Adrien usoni, bila woga hata kidogo.

"Mudogo wangu iko kwako, unasema?"

Taya za kamanda zilikuwa zinacheza. Na kisanduku kikaongea tena.

"Yaya, nimekuta Muzee Michel anazima phonie. Anasema tusitoke, eti hukusalimu! Wazee na mambo yao! Lakini dereva mwenzangu alisimama kwa dirisha, amekusikia muzuri, unasema barabara iko wazi. Kama ni weye unasema, basi iko wazi. Wengine wanaogopa. Miye siogopi. Natoka saa hii, peke yangu mbele, na wao wakiona nimepita watanifuata. Leo nitakula kwako! À vous!"

Kicheko kilimfia Christella mdomoni. Nyuma ya sauti ya Bruce alisikia injini ikinguruma, na Muzee Michel akipiga kelele mbali, "Mutoto huyu, ngoja! Ngoja!"

Akanyakua kipaza sauti. Hakufikiri bastola, hakufikiri kamanda.

"Bruce, usi…"

Kisanduku kikafa. Taa yake nyekundu ikazimika na kelele zote zikakatika. Profesa Edouard alikuwa amepiga magoti kando ya betri, waya mkononi.

"Mademoiselle," alisema akijifuta suruali magotini, "mazungumzo ya biashara yakishafikia makubaliano, hayaongezwi neno."

Christella alimrukia. Alimshika tai, akamvuta nayo mpaka paji la uso likagonga meza, akampiga kipaza sauti mdomoni. Askari wawili walimtoa juu yake kwa shida. Profesa alibaki sakafuni akitafuta jino, na mimi ninayesimulia siwezi kusema nimesikitika.

"Ilifika?" alipiga kelele Christella. "Ile neno ilifika?"

Nani angemjibu? Kule Fataki pengine walikuwa wamesikia "usi", pengine hawakusikia kitu.

Kamanda Adrien alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao, anafikiri. Alipogeuka, hasira ilikuwa imemtoka. Alikuwa ametulia, na huo utulivu ulimtisha Christella kuliko bastola.

"Madereva ya Ituri niko nawajua," alisema. "Ukiwasimamisha na bunduki, wanakanyaga mafuta, wanapita juu yako na barrière yako. Wiki ile wameniulia askari vile. Camion ya kwanza njo mubaya. Ikipita ile, zote zinapita nyuma yake."

Akaokota kipaza sauti kilicholowa damu ya profesa, akakirudisha mahali pake taratibu.

"Leo camion ya kwanza inaendeshwa na mudogo wako."

"Niue hapa," alisema Christella. "Niue, sitaongea tena."

"Nani amekuomba kuongea? Kazi ya mudomo imeisha." Akawapungia askari mkono. "Mupandisheni mu gari. Tukifika Iga, mutoeni viatu, mumusimamishe katikati ya barabara, peke yake, pahali kona inaisha. Siye tutalala mu majani. Dereva gani atapita juu ya yaya yake?"